Ukuaji wa kisaikolojia wa binadamu

Ukuaji wa kisaikolojia wa binadamu ni mabadiliko yanayotokea katika akili, hisia, tabia na mahusiano ya mtu tangu kabla ya kuzaliwa hadi uzeeni. Tawi la elimu linalochunguza mabadiliko hayo huitwa saikolojia ya ukuaji au saikolojia ya makuzi.

Mwanzoni wataalamu walishughulikia zaidi utoto, kana kwamba mtu akishakuwa mzima habadiliki tena. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mtazamo huo ulipanuliwa, na leo ukuaji huhesabiwa kuwa jambo la maisha yote.

Nadharia nyingi za fani hii zilitungwa Ulaya na Marekani. Hata hivyo Afrika Mashariki ina nafasi kubwa katika historia yake: baadhi ya dhana zilianzia Uganda, na nyingine zilisahihishwa baada ya utafiti wa Kenya na Tanzania. Dhana hizo hutumika katika malezi, ualimu, tiba, sheria na ustawi wa jamii. Zikitumika bila kuzingatia mazingira, mtoto anaweza kuhesabiwa kuwa amechelewa, au mzee kuwa amepungukiwa akili, ilhali kosa liko kwenye kipimo.

## Dhana za msingi

* Nyanja za ukuaji. Kwa kawaida hutajwa tatu: ya kimwili (ubongo, misuli, hisi na mwendo), ya kiakili (kutambua, kukumbuka, kufikiri na lugha), na ya kijamii na kihisia (upendo, hofu, urafiki, maadili na utambulisho). Nyanja hizi hutegemeana. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa hucheza kidogo na kuchunguza vitu kidogo, kwa hiyo hupata nafasi chache za kujifunza.
* Urithi na malezi. Methali "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inaegemea malezi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inaegemea urithi. Wataalamu wa sasa hawachagui upande mmoja. Jeni na mazingira hufanya kazi pamoja, na athari ya kimoja mara nyingi hutegemea kingine.
* Hatua na mwendelezo. Baadhi ya nadharia huona ukuaji kama ngazi yenye vipandio tofauti. Nyingine huuona kama mteremko unaopanda taratibu bila mpaka unaoonekana.
* Vipindi nyeti. Kuna nyakati ambapo ubongo hupokea mafunzo ya aina fulani kwa urahisi zaidi, kwa mfano sauti za lugha katika miaka ya mwanzo. Ndiyo maana ya "Samaki mkunje angali mbichi".
* Unyumbufu. Ubongo na tabia vinaweza kubadilika hata baada ya vipindi hivyo kupita. Uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini hauishi.
* Mpangilio na kasi. Watoto wengi hufuata mpangilio unaofanana (kushika shingo, kukaa, kusimama, kutembea), ila kasi hutofautiana kati ya mtoto na mtoto na kati ya jamii na jamii.

## Nadharia kuu

### Piaget: ukuaji wa fikra

Jean Piaget (1896–1980) kutoka Uswisi aligundua kwamba makosa ya watoto yana utaratibu. Mtoto hafikiri kama mtu mzima mwenye maarifa machache, bali hufikiri kwa namna yake. Piaget alitaja hatua nne:

1. *Hisi na mwendo* (kuzaliwa hadi miaka 2): mtoto huujua ulimwengu kwa kugusa, kunyonya, kutazama na kusogeza vitu. Hatimaye hutambua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo.
2. *Kabla ya utendaji* (miaka 2–7): hutumia maneno, picha na michezo ya kuigiza, lakini hudanganywa na sura ya vitu. Maji yakimiminwa kutoka kikombe kipana kwenda chupa nyembamba, husema yameongezeka.
3. *Utendaji wa vitu halisi* (miaka 7–11): hufikiri kwa mantiki kuhusu vitu anavyoviona au kuvishika.
4. *Utendaji wa kidhahania* (kuanzia miaka 11 au 12): huweza kufikiri kuhusu mambo ya kubuni na yale ambayo hayajatokea.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba watoto wadogo mara nyingi wanajua zaidi ya Piaget alivyodhani, na kwamba kufika hatua ya nne kunategemea sana elimu ya shule na aina ya kazi ambazo mtu amezoea.

### Vygotsky: kujifunza kwa msaada wa wengine

Lev Vygotsky (1896–1934) wa Umoja wa Kisovyeti alisisitiza kwamba akili hukua kutokana na lugha na ushirikiano. Dhana yake maarufu ni *eneo la karibu la ukuaji*, yaani nafasi iliyo kati ya yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya peke yake na yale anayoweza kuyafanya akisaidiwa na mtu anayejua zaidi. Msaidizi huyo anaweza kuwa mwalimu, bibi au dada mkubwa.

### Erikson: hatua nane za maisha

Erik Erikson (1902–1994), mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba maisha yote yana hatua nane, kila moja ikiwa na mvutano wake:

| Kipindi | Mvutano |
|---|---|
| Uchanga | imani au kutoamini |
| Miaka 1–3 | kujitegemea au aibu |
| Miaka 3–6 | kuthubutu au kujiona mkosaji |
| Umri wa shule ya msingi | bidii au kujiona duni |
| Ujana | utambulisho au kutojielewa |
| Mwanzo wa utu uzima | ukaribu au upweke |
| Utu uzima wa kati | kulea kizazi kijacho au kudumaa |
| Uzee | kuridhika na maisha au kukata tamaa |

Erikson hakudai kwamba mvutano humalizika kabisa katika hatua yake. Jambo lisilotatuliwa huweza kurudi baadaye katika sura nyingine.

### Kohlberg: ukuaji wa maadili

Lawrence Kohlberg (1927–1987) wa Marekani aliwapa watu visa vyenye utata wa kimaadili na kuchunguza sababu walizotoa. Aligawa fikra za maadili katika ngazi tatu: kuogopa adhabu na kutafuta faida, kufuata matarajio ya jamaa na sheria za jamii, na kufuata misingi mikuu ya haki. Katika miaka ya 1970 Carolyn Pope Edwards alilinganisha wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya na wazee walioheshimiwa kwa busara katika jamii zao. Wazee hawakufika juu katika ngazi za Kohlberg. Edwards alionyesha kwamba katika jamii ambamo watu wanajuana kwa sura, hukumu inayolenga kurudisha mapatano kati ya jamaa inatosha na inafaa. Kwa hiyo ngazi za juu za Kohlberg zinaonyesha pia aina ya jamii anamoishi mtu, si ukomavu wake tu.

### Bronfenbrenner na Baltes

Urie Bronfenbrenner (1917–2005) alieleza mwaka 1979 kwamba mtoto hukua ndani ya duara kadhaa za mazingira, kuanzia nyumbani hadi siasa za nchi. Paul Baltes (1939–2006) wa Ujerumani alifundisha kwamba kila umri una faida na hasara zake: hakuna umri wa kupata tu wala umri wa kupoteza tu.

## Hatua za maisha

### Kabla ya kuzaliwa na uchanga

Ukuaji wa akili huanza tumboni. Mtoto husikia sauti ya mama kabla ya kuzaliwa, na pombe, maambukizi au upungufu wa madini joto wakati wa mimba vinaweza kuudhuru ubongo wake. Siku 1,000 tangu kutungwa mimba hadi kutimiza miaka miwili hutiliwa mkazo katika kampeni za afya kwa sababu ubongo hukua kwa kasi kubwa wakati huo.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu hauhusu kimo peke yake. Kwa wastani, watoto waliodumaa mapema hupata matokeo ya chini shuleni. Jambo hilo lina uzito katika nyanda kame za katikati ya nchi, ambako kuna msimu mmoja tu wa mvua na mavuno hushindwa katika baadhi ya miaka.

Afya ya akili ya mama nayo ni sehemu ya ukuaji wa mtoto. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua hupata shida kuitikia kilio na tabasamu la mwanawe, naye huhitaji tiba na msaada wa jamaa badala ya lawama.

Mfungamano. Mwingereza John Bowlby (1907–1990) alieleza kwamba mtoto mchanga ana haja ya asili ya kushikamana na mlezi anayemlinda. Uchunguzi wa kwanza wa kina wa jambo hilo majumbani ulifanywa na Mary Ainsworth (1913–1999) karibu na Kampala, Uganda, mnamo 1954–1955, alipokuwa akishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Ainsworth alitembelea familia 26 za Waganda kila baada ya wiki mbili hivi, akisaidiwa na mkalimani.

Mwanzoni alitaka kuona athari za desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa. Alikuta familia nyingi zimeshaiacha. Badala yake aliona jinsi mtoto anavyomfuata mama kwa macho, anavyolia mama akiondoka, na anavyotambaa mbali kuchunguza vitu kisha kurudi kwake kana kwamba mama ni kituo cha usalama. Watoto waliotulia zaidi walikuwa na mama waliowafahamu vizuri na waliozieleza tabia zao kwa undani. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitolewa mwaka 1967. Jaribio lake maarufu la Baltimore, Marekani, ambamo mtoto huachwa kwa muda mfupi katika chumba kigeni, lilijengwa juu ya yale aliyoyaona Uganda.

Miongoni mwa Wakisii wa Kenya, watafiti walikuta kwamba mtoto hujenga mfungamano na mama na pia na ndugu mkubwa anayemlea. Mfungamano salama na mama ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto. Ule wa mlezi mwingine ulihusiana na ukuaji wake wa kiakili. Mtoto wa Kikisii alizoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, hivyo ishara za kumpokea mama anaporudi zilikuwa tofauti na zile za Marekani. Matokeo hayo yanakubaliana na methali "Mkono mmoja haulei mwana".

Kukaa na kutembea. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa Marcelle Geber aliripoti kwamba watoto wachanga wa Uganda walitangulia wale wa Ulaya katika mwendo. Watu wengine walidhani ni suala la asili ya mbari. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha utafiti wake kutoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, uliotoa maelezo mengine. Wazazi huko waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na lugha yao ina maneno maalumu ya mafunzo hayo. Watoto walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja. Katika kutambaa, ambako hakukufundishwa, hawakutangulia.

### Utoto wa awali

Kati ya miaka miwili na sita msamiati huongezeka haraka, mtoto huanza kujizuia, na michezo ya kuigiza hushamiri. Mtoto anayefanya kopo kuwa gari au gunzi kuwa mwanasesere anajifunza kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama mahali pa kingine. Uwezo huohuo huhitajika baadaye katika kusoma na kuhesabu.

Robert LeVine, aliyewachunguza Wakisii tangu miaka ya 1950, aliona kwamba mama zao waliweka mbele uhai na utulivu wa mtoto: kumbeba, kumnyonyesha upesi na kumtuliza. Hawakuzungumza na mtoto mchanga kwa wingi kama wazazi wa tabaka la kati la Marekani, ambao lengo lao lilikuwa kumwandaa kwa shule. Kila mtindo ulijibu hatari ambayo wazazi waliiona mbele yao. Watoto wanapoanza kwenda shule kwa wingi, mtindo wa malezi nao hubadilika.

### Umri wa shule

Mtoto wa miaka 7–12 hujilinganisha na wenzake, hufuata kanuni za michezo na hupewa majukumu. Katika utafiti wa Beatrice na John Whiting uliohusisha jamii sita duniani, watoto wa Nyansongo, jamii ya Wakisii, walikuwa miongoni mwa waliowajali na kuwasaidia wengine zaidi, jambo lililohusishwa na kazi ya kulea wadogo zao. Carol Ember, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, alikuta kwamba wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani zilizodhaniwa kuwa za wasichana walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Majukumu basi hujenga tabia.

Maana ya akili pia hutofautiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulieleza kwamba Wajaluo wana maneno manne yanayohusu akili ya mtoto: *rieko* (maarifa na ustadi), *luoro* (heshima na uwajibikaji), *paro* (kufikiri na kuanzisha jambo) na *winjo* (kuelewa maelekezo). Kati ya hayo, *rieko* ndilo lililohusiana na alama za shule. Utafiti mwingine katika eneo hilo ulikuta kwamba watoto waliozijua vizuri dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika jaribio la msamiati la shuleni. Sababu iliyotolewa ni kwamba familia na watoto hugawa muda wao kati ya aina mbili za elimu.

### Ujana

Ujana huanza na kubalehe. Homoni hubadilisha mwili na hisia, na marafiki hupata uzito mkubwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Hivyo kijana huweza kufikiri vizuri akiwa ametulia, lakini akafanya jambo la hatari akiwa mbele ya wenzake.

Jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliweka alama ya mpito huu kwa jando na unyago. Miongoni mwa Wagogo wa Dodoma, ngoma ya *muheme* hupigwa na wanawake na ina uhusiano na sherehe hizo. Mafunzo hayo yalimjulisha kijana yeye ni nani na jamii inatarajia nini kwake. Ndilo swali la utambulisho ambalo Erikson aliliweka katika hatua ya tano. Ukeketaji wa wasichana, uliofungamana na mpito huo katika baadhi ya jamii, umepigwa marufuku na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kwa walio chini ya miaka 18, kwa sababu ya madhara yake ya mwili na akili.

Katika miji, shule na mitihani vimerefusha ujana. Mtu anaweza kuwa amekomaa kimwili akiwa na miaka 15, lakini asijitegemee hadi baada ya miaka 25.

### Utu uzima

Raymond Cattell na John Horn walitenganisha aina mbili za akili. *Akili nyepesi* ni uwezo wa kutatua haraka jambo jipya. Huanza kupungua taratibu mapema katika utu uzima. *Akili iliyokusanywa* ni maarifa, msamiati na uzoefu. Huweza kuongezeka hadi umri mkubwa. Msemo "Utu uzima dawa" unaelekea kwenye aina hii ya pili.

Kazi, ndoa, uzazi na kutunza wazazi ni mambo makuu ya kipindi hiki. Kukosa ajira, talaka, msiba au ugumba vinaweza kumtikisa mtu mzima kama kubalehe kunavyomtikisa kijana. Katika utu uzima wa kati, wengi hubeba mzigo wa pande mbili: ada za watoto na matibabu ya wazazi.

### Uzee

Uzee huleta upungufu wa kasi ya kufikiri, kusikia na kuona, lakini si kila mzee hupoteza akili. Baltes alieleza kwamba wazee wanaoendelea vizuri huchagua mambo machache ya muhimu, huyafanyia mazoezi na hutafuta njia mbadala. Mkulima mzee, kwa mfano, huacha shamba la mbali, hutunza bustani ya karibu na humtumia mjukuu kubeba maji.

Demensia ni ugonjwa wa ubongo. Si sehemu ya kawaida ya uzee. Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, na kuchunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na demensia, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Dalili zake, kama kupotea njia au kuwashuku jamaa, zikifasiriwa kuwa uchawi, mgonjwa huwa hatarini badala ya kutunzwa.

## Mazingira ya ukuaji: mfano wa Nzuguni

Duara za Bronfenbrenner huonekana wazi mahali panapobadilika haraka. Nzuguni ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro. Ipo katika nchi ya Wagogo, wakulima na wafugaji wa nyanda za kati. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi, na hasa kuhamia kwa serikali kulikoanza mwaka 2016, umeleta wakazi kutoka mikoa mbalimbali. Kituo kikuu cha mabasi na viwanja vya maonyesho ya Nane Nane viko katika kata hiyo.

* *Duara la ndani* ni kaya, darasa na wenzake wa mtaani. Mtoto mmoja huweza kulelewa na bibi anayezungumza Kigogo, na jirani yake akalelewa na mama mwajiriwa na dada wa kazi.
* *Duara la pili* ni uhusiano kati ya hayo: mzazi akijuana na mwalimu, mtoto hupata msaada wa namna moja nyumbani na shuleni.
* *Duara la tatu* ni mambo yanayomgusa mtoto bila yeye kuwamo, kama saa za kazi za mzazi anayefanya biashara karibu na stendi au uhamisho wa mtumishi wa umma.
* *Duara la nje* ni sheria, dini, lugha na uchumi. Mtoto anayeanza na Kigogo hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, na kwa kawaida hukuta Kiingereza sekondari. Kila badiliko la lugha huweza kuficha yale anayoyajua.
* *Wakati* ni duara la mwisho. Bibi aliyekulia mahali pa mashamba na ng'ombe, na mjukuu anayekulia mahali pa mabasi na viwanja vilivyopimwa, hawakui katika Nzuguni moja ingawa wanalala nyumba moja.

Sara Harkness na Charles Super waliongeza kwamba ni lazima kuangalia mambo matatu kwa pamoja: mahali mtoto anapoishi, desturi za kumlea, na imani za walezi wake kuhusu mtoto mwema ni yupi. Mambo hayo yakivutana, kama familia inapohama, mtoto ndiye hubeba mvutano huo.

## Vipimo na matatizo yake

Jaribio linalofaa mahali pamoja linaweza kupotosha mahali pengine. Huko Kokwet, watoto walipoombwa na mtu mzima wasimulie upya hadithi waliyosikia, wengi walinyamaza. Harkness na Super walieleza kwamba watoto hao walikuwa wamefundishwa kusikiliza na kutii. Kujionyesha mbele ya mkubwa halikuwa jambo la kawaida kwao. Ukimya wao haukuwa dalili ya upungufu wa akili.

Ili kuepuka makosa ya namna hiyo, vipimo vimetungwa katika eneo lenyewe. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha mwendo na utendaji wa watoto wadogo kinachotumia vitu na shughuli zilizozoeleka pale. Huko Hai kilitengenezwa kipimo kifupi cha demensia kwa wazee wasiosoma. Mzee hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka maneno aliyosomewa, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano badala ya kuchora kwa kalamu. Kipimo kinachomtaka achore au asome kingeweza kumhesabu mgonjwa mtu ambaye hakwenda shule tu.

## Umri katika sheria na sera za Tanzania

Serikali hulazimika kuweka mipaka ya umri mahali ambapo ukuaji hauna mpaka mkali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa upande mwingine, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo mwaka 2019. Kwa upande wa saikolojia, ndoa ya umri huo humpa msichana majukumu ya hatua ya sita na ya saba ya Erikson kabla hajamaliza ya tano.

Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi masomoni. Mwezi uliofuata ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto hadi miaka minane na kuunganisha afya, lishe, ujifunzaji, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Kwa upande wa uzee, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 au zaidi.

## Tazama pia

* Saikolojia
* Malezi
* Lishe
* Jando
* Unyago
* Ujana
* Uzee
* Wagogo
* Nzuguni